Usisome, Wewe Chapa Tu

Kijana alisimama nyuma ya kiti changu, mkono mmoja umeshika flashi, mwingine ameunyoosha mbele ya skrini kufunika nusu ya ukurasa. Alikuwa ameniletea mchanganuo wa biashara wa kurasa 9, ameuandika kwa mkono kwenye daftari la shule, anataka nimchapie. "Kaka, usisome," akaniambia. "Wewe chapa tu."

Hakuna anayeweza kuchapa asichokisoma, na yeye alilijua hilo. Nilichapa. Tulipomaliza alitaka nihamishie kazi yake kwenye flashi, nifute faili kwenye kompyuta, kisha niingie kwenye pipa la taka la kompyuta nifute na huko. Karatasi mbili zilikuwa zimekwama kwenye printa zikatoka na makunyanzi. Alizichukua zote mbili, akazikunja mara nne, akazitia mfukoni. Akalipa, akashukuru, na kabla hajapotelea kwenye watu wa Mtaa wa Narung'ombe akageuka mara mbili kuniangalia.

Wazo lake sitaliandika hapa. Aliniamini, hata kama ni kwa shida. Ila kuna jambo ambalo yeye hakulijua: mwezi ule ule nilikuwa nimeshachapa michanganuo mingine miwili ya biashara ile ile. Mmoja uliletwa na mzee mstaafu wa Kimara, mwingine na dada mmoja wa Tandika. Hawa watu hawajuani. Hawajasoma shule moja, hawasali pamoja, hawapandi daladala moja. Kila mmoja aliona shida ile ile mtaani kwake, akaitafutia dawa, na dawa zikatokea kufanana mpaka kwenye bei. Mzee naye aliniomba nifute.

Nimeendesha steshenari hapa Kariakoo kwa miaka 16. Nimetoa kopi za vyeti vya kuzaliwa, hati za viwanja, barua za kuomba kazi, na michanganuo ya biashara isiyo na hesabu. Nikiwafikiria wale watatu huwa najiuliza: siku mmoja wao akifungua, wengine wawili wakapita mbele ya frem yake wakaona kibao, watasema nini? Watasema wameibiwa. Watalisema kwa uchungu wa kweli, na mtu wa kwanza watakayemshuku ni mimi.

Uchungu ule naujua, kwa sababu na mimi umenipata.

Nyuma ya mtaa wetu kulikuwa na mama lishe aliyewapikia makuli wanaoshusha makontena. Kuli halipi kila sahani. Anakula Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi akishapata chake anakuja kufuta deni. Mama alikuwa na kaunta buku, jalada lake limeloa mafuta mpaka limekuwa laini kama ngozi. Kila mtu alikuwa na mstari wake: W ni wali, U ni ugali, nukta ni chai, na duara ni siku alipoongezewa mboga bila kulipa. Mimi pia nilikuwa humo, nimeandikwa "Steshenari". Mama hakujua jina langu kwa muda mrefu, na hakulihitaji.

Mwaka 2014, nikiwa nimekaa kwenye benchi lake nasubiri W yangu, likanijia wazo. Kwa nini kuli asiweke pesa ya chakula ya wiki kwa simu, mama azipate Jumatatu asubuhi, anunue gunia la mchele badala ya kupima kilo tano tano kwa bei ya rejareja? Nililala nalo, nikaamka nalo. Kwa miezi mitatu, kila nikifunga duka, nilizunguka kuanzia Gerezani mpaka Ilala nikaongea na mama lishe 27. Niliwauliza wananunua wapi mkaa, wanauza sahani ngapi, wanadhulumiwa kiasi gani. Kwa mama mmoja nilikaa siku sita mfululizo nikihesabu sahani zinazotoka: 41, 38, 46, 42, 44, 41. Ukijumlisha na kugawa kwa sita unapata 42 kamili. Namba hiyo niliiandika kwenye ukurasa wa nne wa andiko langu.

Andiko lilifika kurasa 14. Nilivaa shati nililonunulia harusi ya mdogo wangu, nikapanda ghorofani kwenye kampuni ambayo sitaitaja, nikawaeleza watu wawili kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali. Waliniuliza maswali mazuri, mmoja akawa ananakili. Nikawaachia nakala na flashi. Walisema watanipigia, na kweli walinipigia, baada ya mwezi: wazo ni zuri, lakini halina soko.

Miezi minane baadaye nilikuwa Msimbazi nasubiri kuvuka barabara, binti mmoja mwenye fulana mpya akanipa kipeperushi. Huduma mpya ya kulipia chakula kabla. Nikageuza upande wa pili, palikuwa na mfano wa kumweleza mteja faida zake. Mfano ulianza hivi: mama lishe anayeuza sahani 42 kwa siku.

Nilikisoma kile kipeperushi mara tatu nimesimama pale pale, watu wananipiga vikumbo, konda mmoja ananitukana nitoke njiani. Ile 42 ilikuwa yangu. Niliihesabu kwa macho yangu, mama yule akinicheka, moshi wa kuni ukinitoa machozi.

Nilikwenda kwa wakili. Hakunipa pole, aliniuliza maswali matatu. Ulisaini nao nini kabla hujawaeleza? Sikusaini kitu. Nani alipokea andiko? Dada wa mapokezi. Una nakala yenye muhuri wao wa kupokea? Sina. Akavua miwani. Akaniambia kwa upole kwamba hata ningekuwa navyo vyote hivyo, kuna jambo ningepaswa kulielewa kwanza: wazo la biashara, likiwa wazo tu, sheria hailihesabu kuwa mali ya mtu.

Nilibishana naye. Nilikuwa nimekuja kutafuta jina la kosa, na yeye ananiambia kosa halipo. Lakini alikuwa sahihi, na tangu siku ile nimesoma mengi kuhusu jambo hili, kwa hiyo acha nilieleze kama ninavyolielewa. Hakimiliki hulinda namna ulivyolieleza jambo: maneno yako, mchoro wako, jedwali ulivyolipanga. Hailindi wazo lililomo ndani. Mkataba wa TRIPS wa 1994, unaohusu haki za wabunifu na ulio sehemu ya makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani, ambalo Tanzania na Kenya ni wanachama, unasema hivyo waziwazi katika ibara ya 9. Upande wa hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi kwa muda usiozidi miaka 20, sheria yetu ya mwaka 1987 imeziondoa mbinu na mipango ya kufanya biashara kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kuitwa uvumbuzi. Kenya nao wana sheria yao ya 2001, na humo mbinu za biashara zimetolewa vilevile. Kwa hiyo kule BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, huwezi kwenda na wazo la kuuza chakula kwa malipo ya kabla ukatoka na cheti cha kumzuia jirani.

Si kila mahali walichagua hivyo. Marekani mwaka 1999 Amazon walipewa hataza ya kununua kitu kwa kubonyeza mara moja tu. Kubonyeza kitufe! Waliishikilia mpaka 2017 ilipokwisha muda, na katika miaka hiyo walimshitaki mshindani wao, na Apple wakawalipa ili waitumie. Nikiangalia hilo naona kwamba sheria zetu, kwa kukataa, zimetuokoa na mengi. Hebu fikiria mtu wa kwanza aliyekaanga chipsi akazimwagia mayai angekuwa na cheti chake. Au yule aliyebuni mkataba wa bodaboda, kijana analeta hesabu kila siku na baada ya mwaka au zaidi pikipiki inakuwa yake. Sijui alikuwa nani, na sijakutana na anayemjua. Vijana wangapi wamemiliki pikipiki kwa sababu wazo lile halikuwa na mwenyewe?

Basi nilichokosa ni nini, kama wazo halikuwa langu? Jibu nililipata kwenye kesi ya Afrika Kusini.

Kila aliyekuwa na simu miaka ya 2000 anajua kubip. Unapiga, inalia mara moja, unakata, mwenye salio anakupigia. Lakini ili ubip unahitaji salio kidogo, na huyo asiye nalo kabisa afanyeje? Mwishoni mwa mwaka 2000 kijana aitwaye Nkosana Makate, aliyekuwa akijifunza uhasibu ndani ya Vodacom, alikuwa na mchumba mwanafunzi chuoni, mbali, asiye na salio. Akawaza ujumbe wa bure unaosema tafadhali nipigie. Akampelekea mkuu wa kitengo cha kubuni huduma, wakaelewana kwa mdomo kwamba huduma ikifaa na ikaleta pesa, atapata sehemu yake. Huduma ikaanza 2001, ikawa sehemu ya maisha mpaka kwetu huku. Makate hakulipwa. Baadaye aliyekuwa mkuu wa kampuni akaandika katika kitabu cha maisha yake kwamba wazo lilikuwa lake yeye. Makate alifungua kesi 2008, akashindwa Mahakama Kuu 2014, akaenda mpaka Mahakama ya Katiba, na tarehe 26 Aprili 2016 akashinda.

Watu wengi hapa kijiweni husimulia kesi ile kama ushindi wa mwenye wazo. Sivyo, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifungua macho. MTN, wapinzani wa Vodacom, nao walitoa huduma ya namna ile ile karibu na wakati ule ule. Kama Makate angedai kwamba wazo ni mali yake, angeshindwa asubuhi. Alichodai ni ahadi. Mtu mwenye cheo, aliyeonekana mbele ya kila mmoja kuwa ana mamlaka ya kusema kwa niaba ya kampuni, alimwambia tutakulipa. Mahakama ikasema kampuni haiwezi kujificha nyuma ya hoja kwamba mtu wao hakuwa na ruhusa. Wakaambiwa wakae nae kwa nia njema wakubaliane kiasi. Mwaka 2019 walimtajia randi milioni 47, akakataa, mvutano ukaendelea kwa miaka mingine.

Nilipoelewa hivyo nilirudi kwenye jambo langu na kuligawa sehemu mbili. Wazo la kulipia chakula kabla halikuwa langu, na kampuni ile ingeweza kulipata popote. Lakini walipokea kazi ya miezi mitatu kutoka mkononi mwa mtu aliyewaamini, wakamwambia haina thamani, wakaitumia. Kwa Kiswahili tuna jina la jambo hilo, na si wizi. Ni kuvunja amana. Amana ni kitu ulichokabidhiwa kikiwa bado cha mwenyewe, iwe ng'ombe, iwe mtoto, iwe siri. Hata wazee wasiojua kusoma hawakuhitaji cheti kujua kwamba kula amana ni dhuluma. Nasikitika kwamba tumeliacha neno hilo msikitini, kanisani na kwenye mirathi, na ofisini tumebaki na "wizi wa wazo", neno ambalo likifika kwa wakili halina pa kukaa.

Watu wa Kariakoo wenyewe, bila wakili, wanajua vizuri kipi kinalindika. Wana neno: chimbo. Chimbo ni mahali unapochimbua mzigo wako, yule wa Guangzhou au Istanbul au Kampala anayekuuzia kwa bei ambayo wenzako hawaijui. Jirani yangu anauza madera. Usiku mmoja nilichelewa kufunga, nikamkuta stoo na binti zake wawili wamekaa juu ya mabelo, kila mmoja na wembe. Walikuwa wanatoa lebo. Dera moja moja, wanaishika shingo ya nguo, wanapitisha wembe chini ya uzi wa lebo nyuzi nne tano bila kugusa kitambaa, lebo inaanguka kwenye sufuria. Sufuria ilikuwa imejaa vile vipande vyeupe vyenye maandishi ya Kichina, kama punje za bisi. Kisha wakachukua maboksi wakachana upande ulioandikwa namba za mzigo. Alfajiri vitu vyote hivyo vilichomwa pamoja na takataka.

Nilimwuliza, "Mama, mbona unaumia hivi? Si watakuja tu kununua dera wakaipeleke China ikashonwe?" Akaniambia, "Baba, wakashone. Kushona sijamkataza mtu. Mimi ninachoficha ni njia."

Na kweli baada ya wiki mbili dera lile lilikuwa mtaa mzima, Kongo na Aggrey, maua yale yale, kitambaa chepesi zaidi. Hakulalamika hata siku moja. Alikuwa ameshauza mzigo wa kwanza wote, na wa pili wenye maua mengine ulikuwa njiani. Aliwahi kukasirika mara moja tu ninayoikumbuka, na kwa jambo tofauti kabisa: winga aliyekuwa anamletea wateja, akila kwake, alimpiga picha ya boksi kwa siri akaiuza kwa mpinzani. Yule winga mpaka leo hakanyagi frem ile. Maua walichukua mamia ya watu, na hakuna aliyefukuzwa. Aliyefukuzwa ni mmoja, aliyekuwa amekaribishwa ndani.

Kuna hadithi nyingine ninayoisikia sana, ya M-Pesa. Inasimuliwa kwamba mwanafunzi mmoja wa Kenya aliibuni, kampuni ikamwibia, akabaki maskini. Watu wanaipenda hadithi hii kwa sababu inafanana na yanayowapata wengi, na sitamcheka anayeiamini. Lakini kumbukumbu zilizo wazi ni nyingine. Mradi ulianzia Vodafone, Uingereza, chini ya Nick Hughes na Susie Lonie, ukasaidiwa na serikali ya Uingereza kwa karibu pauni milioni 1, ukajaribiwa Kenya mwaka 2005 kwa ajili ya watu kulipa marejesho ya mikopo midogo. Watu waliopewa simu za majaribio hawakuishia kwenye marejesho. Walianza kutumiana pesa wao kwa wao: mume kwa mke, kaka kwa mama kijijini. Wakubwa wa mradi wakaona, wakabadili, na Machi 2007 Safaricom wakaizindua ikiwa ni huduma ya kutuma pesa nyumbani.

Kwa hiyo wazo lililoshinda lilitoka kwa nani? Watu wetu walikuwa wanatuma pesa nyumbani muda wote, kwa bahasha iliyokabidhiwa dereva wa basi na jina la mpokeaji juu yake, au kwa vocha ya simu iliyokwanguliwa, ukasoma namba, mpokeaji akaiuza kijijini. Haja ilikuwepo na ujanja ulikuwepo. Wengine wakaleta mtambo, leseni, mawakala na ulinzi. Na angalia kilichomilikiwa hasa: jina M-Pesa na mfumo wake vilikuwa mali ya Vodafone mpaka Aprili 2020, ndipo Safaricom na Vodacom wakavinunua kwa pamoja. Miaka 13 Wakenya wanajivunia kitu ambacho jina lake lilikuwa la mtu mwingine. Lakini kutuma pesa kwa simu kwenyewe hakukuwa na mwenyewe hata siku moja. Kwetu M-Pesa iliingia 2008, zikafuata Tigo Pesa, Airtel Money na nyinginezo, na leo Tigo Pesa yenyewe imeshabadili jina wakati wakala ni yule yule, meza ile ile, mwavuli ule ule.

Kampuni iliyochukua andiko langu haikufika mwaka na huduma ile. Sikufurahi, nasema kweli, kwa sababu walikuwa wamewaharibia mama lishe kadhaa wateja. Walichukua sahani 42 lakini hawakujua kwa nini mama anaandika duara. Hawakujua kwamba kuli anayeumia mgongo Jumatano atakula bure Alhamisi na Ijumaa, na kwamba ndiyo maana Jumamosi hamkimbii. Simu yao ilikuwa inakataa pale pesa inapoisha. Makuli wakarudi kwenye benchi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi mwenyewe niliyeandika kurasa 14 sikuwa nimeweka hata sentensi moja kuhusu lile duara, kwa sababu nilikuwa naliona ni udhaifu wa mama.

Siku hizi mtu akija na mchanganuo wake namwambia mambo machache, ayatake asiyatake. Peleka nakala mbili, moja waachie, nyingine wakupigie muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na usitoke masijala mpaka ukauke. Kabla hujaeleza yaliyo ndani, waombe wasaini karatasi moja kwamba mazungumzo ni ya siri. Wakikataa, waeleze faida tu, njia baki nayo. Jina la biashara ulilosajili si alama ya biashara, hivyo ni vitu viwili na watu wengi wanaumia hapo. Na alama uliyosajili BRELA inakulinda Bara tu, Zanzibar wana ofisi yao na sheria yao. Mteja wangu mmoja wa viungo vya pilau aliligundua hilo akiwa ameshashuka bandarini Malindi na maboksi yake.

Lakini sitamwambia mtu afunike skrini. Nimeona wengi waliofunika, na wazo likafia mikononi kama kifaranga kilichobanwa sana. Mficha uchi hazai. Yule dada wa Tandika, wa tatu katika wale niliowataja mwanzo, alinisomea mchanganuo wake kwa sauti huku nachapa, duka limejaa watu. Kwenye gharama za usafiri mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akamkatiza: "Mwanangu, Toyo la mizigo kutoka Buguruni kwa bei hiyo hulipati." Wakabishana, wakapiga simu kwa dereva hapo hapo, namba ikabadilika. Kati ya wale watatu, yeye ndiye niliyewahi kupita mbele ya frem yake.

Kuna jambo lilinichukua miaka kulikubali, na nililikubali siku nilipokwenda kumwomba radhi yule mama wa kaunta buku. Maana kwenye andiko langu lote, ukurasa wa kwanza mpaka wa 14, sikumtaja. Kulipia chakula kwa wiki, kuandika kwa herufi, kufunga hesabu Jumamosi, yote nilikuwa nimeyatoa kwenye benchi lake nikayavalisha shati la harusi, nikaenda kuyaita wazo langu ghorofani. Nilikuwa nimemlilia wakili kuhusu 42 yangu, na sahani zile hakupika mtu mwingine ila mama lishe mwenzake.

Nilimweleza kila kitu, kampuni, kipeperushi, namba. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, hakuinua kichwa. Nikamwambia, "Mama, mimi ndiye niliyechukua wazo lako kwanza, na sikukuaga."

Akaendelea kutoa mawe, moja, jingine, anayatupa pembeni. Akasema daftari lile alijifunza kwa mama lishe aliyekuwa akimfanyia kazi stendi ya Ubungo, zamani, alipokuwa msichana wa kuosha vyombo. Yule mama alikuwa anachora kwa mkaa ukutani kwa sababu hakujua kuandika. Duara ndilo aliloongeza yeye.

Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akavuta kaunta buku, akaifungua kwenye mstari wangu. "Leo unakula nini, Steshenari? Wali bado, ugali upo."

Nikamwambia aandike U.